Kufuli Lililohamia Hewani

Gari linapokataa kumtambua mwenyewe, neno la kwanza la karibu kila fundi huwa ni betri ya rimoti. Mara nyingi yuko sahihi, na kwa kuwa betri ile ya duara ya volti 3 haina gharama kubwa, ni busara kuanza nayo. Shida huanza betri mpya inapowekwa, milango ikatii siku mbili, ya tatu ikagoma sokoni, kisha jioni nyumbani ikafunguka kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo fundi na mteja huishiwa maneno, na kazi hugeuka kuwa ya kubahatisha: leo inabadilishwa rimoti, kesho inafunguliwa kompyuta ya gari, keshokutwa inasakwa spea ambayo haikuwa na kosa. Hoja yangu ni kwamba kigeugeu hiki kina asili, na asili yake imo katika historia ya ufunguo wenyewe. Ufunguo wa gari la leo ni funguo nne za zama nne zilizofungiwa ndani ya ganda moja la plastiki. Kila mmoja ulibuniwa kuziba tundu lililoachwa na uliotangulia, kila mmoja una namna yake ya kushindwa, na hakuna uliowafuta wenzake. Kwa anayejua upi ulikuja lini na kwa sababu gani, dalili za gari huanza kusomeka.

Wa kwanza ni chuma. Magari mengi ya mwanzo yaliwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele ya injini, kazi iliyovunja mikono ya watu, mpaka stata ya umeme ya Charles Kettering ilipofungwa kwenye Cadillac ya mwaka 1912. Ufunguo wa wakati huo ulikuwa wa kukata na kuunganisha umeme tu. Dereva alikanyaga au kubonyeza stata kando. Ni Chrysler, mwaka 1949, iliyounganisha kazi hizo mbili katika tendo moja la kuzungusha ufunguo. Usalama wa ufunguo wa chuma haukuwa mkubwa kama wazee wa magari wanavyopenda kukumbuka. Ford Model T zilizotoka na stata ya umeme kuanzia 1919 zilikuwa na funguo zilizogongwa namba 51 hadi 74, yaani aina 24 za ufunguo kwa mamilioni ya magari. Nalitaja hili kwa sababu lipo pingamizi ambalo kila mwenye gari lililogoma amewahi kulitamka: turudi kwenye ufunguo wa chuma, huo haukuwahi kumwangusha mtu. Uliwaangusha wengi. Meno yake hulika, na swichi iliyolika hukubali ufunguo wowote unaofanana nao, hata bisibisi. Tofauti ni kwamba chuma kilipoharibika kiliharibika mahali panapoonekana, kwenye tundu lenye vumbi au kwenye jino lililoisha, na jicho la fundi lilitosha. Kilichotutoka tulipoacha chuma ni kosa linaloonekana kwa macho, na hilo ni jambo zito kwa anayetafuta ugonjwa wa gari.

Hatua ya kuondoka kwenye chuma haikwenda moja kwa moja hadi kwenye ufunguo wa pili, rimoti ya redio. Mwaka 1980 Ford ilianza kuweka kwenye mlango wa baadhi ya magari yake ya kifahari vitufe vitano vya kubonyeza namba ya siri, na mfumo huo ulidumu katika magari yake kwa miongo, kwa sababu hauna betri ya kuisha wala wimbi la kupotea. Miaka miwili baadaye, 1982, Renault ya Ufaransa ilitoa Fuego yenye rimoti ya kufungua milango kwa mwanga wa infraredi, ule ule wa rimoti za televisheni. Wafaransa mpaka leo huiita rimoti ya gari plip, jina lililotokana na la mbunifu wake, Paul Lipschutz. Mwanga huo ulikuwa na adabu moja njema: haukwenda mbali wala haukupita ukutani. Ilibidi mtu aelekeze rimoti kwenye kipokezi, na kioo kikiwa kichafu au mkono ukipinda, mlango haukufunguka. Madereva walilalamika, na watengenezaji wakahamia kwenye mawimbi ya redio, ambayo hayahitaji kulengwa na hupenya mfuko, mkoba na kioo. Walichokipata kilikuwa raha. Walichokitoa, nadhani bila wanunuzi kuelezwa, kilikuwa faragha ya njia ile.

Mawimbi ya redio ni mali inayogawanywa na serikali, na rimoti za magari zilipewa kona ya maskini. Marekani na Japani zilitumia sana eneo la megahezi 315 na chini yake kidogo. Ulaya ilitumia megahezi 433.92, masafa yaliyomo ndani ya kanda ambayo tayari ilikuwa na waendeshaji redio wa ridhaa. Kifaa cha namna hii hakihitaji leseni, kwa masharti mawili: nguvu yake iwe ndogo sana, na kisidai ulinzi. Kanuni za Marekani, zile za Sehemu ya 15, zinasema wazi kwamba kifaa kama hiki kinapaswa kuvumilia mwingiliano wowote kitakaoupata, hata ule unaokifanya kisifanye kazi ipasavyo. Yaani sheria yenyewe inakiri kwamba rimoti inaweza kushindwa, na inaposhindwa haina wa kumshtaki. Hapa ndipo naona kiini cha jambo zima. Kufuli lilihamia hewani, na hewa haina mwenyewe.

Matokeo yake yameonekana mara nyingi. Mwaka 2004 wakazi wa jirani na kituo cha Jeshi la Anga cha Eglin, Florida, waliona milango ya gereji za nyumba zao ikikataa kufunguka wakati jeshi lilipojaribu mitambo mipya ya redio katika masafa yaliyokuwa yake tangu zamani. Mfano unaofundisha zaidi ni wa North Olmsted, mji mdogo karibu na Cleveland katika jimbo la Ohio. Mwaka 2019, kwa wiki kadhaa, watu wa mtaa mmoja walibonyeza rimoti za magari na za gereji bila jibu. Betri zilibadilishwa, mafundi wakaitwa, kampuni za umeme na za simu nazo zikahusishwa. Mwishowe ilibainika kwamba mkazi mmoja, mpenda vifaa vya elektroniki, alikuwa amejitengenezea kifaa cha kumjulisha kama kuna mtu ghorofani wakati yeye yupo chini akifanya kazi. Kifaa hicho kilitumia betri na kilikuwa kikitoa wimbi bila kukoma katika megahezi 315. Hakukusudia ubaya wowote. Kilipozimwa, magari yote ya mtaa yalipona siku hiyo hiyo. Hakuna rimoti hata moja iliyokuwa mbovu. Kwa hiyo, rimoti inayogoma mahali pamoja na kufanya kazi mahali pengine isifunguliwe kabisa. Kinachopaswa kuchunguzwa ni mahali, pamoja na mnara, geti la umeme, taa au mtambo uliopo hapo.

Udhaifu wa pili wa hewa ni kwamba husikilizwa na kila mtu. Rimoti za mwanzo zilituma msimbo ule ule kila zilipobonyezwa, na mwizi mwenye kipokezi aliweza kuurekodi na kuurudia. Dawa ilitoka Afrika, jambo ambalo halitajwi vya kutosha. Katikati ya miaka ya 1980, kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini ilibuni mfumo ulioitwa KeeLoq, ambao fomula yake ilitungwa na Gideon Kuhn, na mwaka 1995 uliuzwa kwa Microchip Technology ya Marekani kwa takriban dola milioni 10. Wazo lake ni rahisi kulieleza kwa desturi yetu ya kubisha hodi: mgeni hupiga hodi kwa neno la siri, na neno hilo hubadilika kila safari kwa hesabu inayojulikana na mgeni na mwenye nyumba tu. Rimoti ina namba inayopanda kila kitufe kinapobonyezwa. Gari nalo linakumbuka namba ya mwisho iliyopokelewa. Aliyerekodi neno la jana amerekodi neno lililokufa.

Hapo ndipo ilipozaliwa aina mpya ya kugoma, ambayo haikuwepo katika chuma wala katika infraredi. Mtoto akichezea rimoti sebuleni, namba ya rimoti inapanda na gari halijui. Katika chipu ya KeeLoq iliyotumika sana, gari hukubali bila swali ikiwa rimoti imetangulia kwa mibonyezo isiyozidi 16. Ikizidi hapo, gari hukataa mara ya kwanza, na hukubali tu likisikia mibonyezo miwili inayofuatana vizuri. Ikizidi 32,000 hivi, rimoti hiyo haitambuliwi tena mpaka isajiliwe upya. Watengenezaji wengine wana hesabu zao, lakini utaratibu ni wa namna hiyo. Kwa hiyo anayelalamika kwamba rimoti hufungua kwa mbonyezo wa pili au wa tatu huenda anaelezea ulinzi unaofanya kazi yake sawasawa, na kumuuzia rimoti mpya ni kumtoza bure. Vivyo hivyo rimoti iliyokaa miaka kabatini huku ya pili ikitumika haina haja ya kutupwa. Mara nyingi inahitaji kupatanishwa na gari lake.

Hata neno linalobadilika lilipata wajanja wake. Mwaka 2007 na 2008 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Ruhr cha Bochum, Ujerumani, walionyesha jinsi ya kuuvunja KeeLoq. Mwaka 2015 Samy Kamkar wa Marekani alionyesha kifaa cha bei ndogo kinachoziba njia ya rimoti huku kikiuhifadhi msimbo wake kabla gari halijausikia, ili utumike baadaye. Wezi wa mitaani hawakuhitaji elimu hiyo. Katika maegesho ya maduka ya Afrika Kusini, nchi ile ile iliyotoa dawa, waligundua kwamba kushikilia rimoti ya kawaida ya geti katika masafa hayo hayo kunatosha kuziba sauti ya rimoti ya gari. Dereva hubonyeza kufunga, anaondoka, na gari linabaki wazi. Kuvuta kitasa kwa mkono kabla ya kuondoka kumekuwa ushauri wa kawaida huko, na ni ushauri unaofaa kuigwa popote.

Wakati milango ikiamuliwa hewani, wizi wa kuwasha gari ulitafutiwa dawa yake peke yake, nayo ndiyo ufunguo wa tatu. Corvette ya mwaka 1986 ilikuja na ufunguo wa chuma uliopachikwa kipande kidogo chenye ukinzani wa umeme wa thamani mojawapo kati ya 15, na gari lilikataa kuwaka kama thamani haikulingana. Baadaye kipande hicho kikawa chipu inayozungumza na pete ya waya iliyozunguka swichi, na Umoja wa Ulaya ukaifanya imobilaiza, yaani mfumo huu wa kuzuia gari lisiwake, kuwa lazima kwa magari mapya tangu 1998. Chipu hiyo haina betri yake. Pete ya waya huipa nguvu kwa sumaku, nayo hujibu ikiwa imekaribia kabisa. Hili si jambo la makumbusho. Ndiyo sababu gari la kitufe cha kuwashia, lililoandika kwenye dashibodi kwamba ufunguo haupo, huwaka mara nyingi ukiugusisha ufunguo wenyewe kwenye kitufe hicho, au ukiuweka mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, hata kama betri yake imekufa kabisa. Katika upimaji wote, sijui jaribio linalotoa habari nyingi kwa gharama ndogo kuliko hili. Gari likiwaka, chipu, kompyuta na usajili ni vizima, na kosa limebaki kwenye betri au kwenye antena. Likikataa, hakuna betri itakayosaidia.

Ufunguo wa nne ndio unaoleta malalamiko mengi, kwa sababu umegeuza mazungumzo. Corvette ya 1993 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kufunguka kwa kukaribiwa tu, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Mercedes-Benz ikauleta mfumo wa kugusa kitasa na kuwasha kwa kitufe. Kiswahili kiliupa ufunguo jina kutokana na kufungua, kwa kuwa mtu ndiye aliyefungua. Katika mfumo huu mgeni hapigi tena hodi, nyumba ndiyo inayouliza “nani?” na mgeni hujibu akiwa mfukoni. Ukigusa kitasa, antena zilizomo ndani ya milango hutoa wito wa masafa ya chini, kilohezi 125 au karibu na hapo, unaofika mita moja au moja na nusu hivi. Ufunguo ukiusikia, hujibu kwa masafa ya juu, 315 au 433. Njia ni mbili sasa, na kila moja ina ugonjwa wake. Kama vitufe vya rimoti vinafungua milango kutoka mbali lakini kugusa kitasa hakufanyi kitu, jibu la juu ni zima na wito wa chini ndio wenye kasoro: labda antena ya mlango mmoja, labda kihisi cha kitasa kilichoingiwa na maji. Jaribu mlango wa pili. Ukifunguka, umeshapata upande. Kama mguso unashindwa tu ufunguo unapokuwa mfuko mmoja na simu au karibu na chaja, wito wa chini unazibwa na kelele za vifaa hivyo. Na ufunguo unaolazwa kila usiku karibu na gari huweza kuamshwa na kujibu wito usio na maana mpaka betri yake iishe kabla ya wakati, na hapo fundi wa betri huonekana alikuwa sahihi, ingawa hakugusa sababu.

Mfumo huu pia ulikosea jambo moja la msingi: ulidhani kusikika ni kuwa karibu. Mwaka 2011 Aurélien Francillon, Boris Danev na Srdjan Čapkun wa chuo cha ETH cha Zurich, Uswisi, walichapisha majaribio ya magari 10 kutoka kampuni 8. Kwa kuupokea wito wa gari na kuupeleka hadi ulipo ufunguo, waliyafungua na kuyawasha yote bila kuvunja siri yoyote.

Kwa Afrika Mashariki kuna pingamizi ambalo ni lazima lijibiwe, kwamba haya yote ni ya magari mapya ya nchi tajiri, na kwamba kwetu kosa ni vumbi, joto na uchakavu wa magari ya mtumba. Vumbi na maji vina sehemu yao, siwezi kukana; kitufe cha mpira kilichopasuka na chuma cha kugusa betri kilichoota kutu ni mambo ya kila siku. Lakini kinachotutofautisha zaidi ni asili ya magari yenyewe. Toyota na Nissan zinazoteremka bandarini Dar es Salaam na Mombasa zilitengenezwa kuongea hewani kwa kanuni za Japani, katika megahezi 312 hadi 315, huku zile zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya zikiongea 433. Ganda linaweza kufanana, nembo ikawa ile ile, na vitufe vikahesabika sawa, lakini ufunguo wa masafa tofauti hautasikika na gari hilo hata ukisajiliwa mara mia. Fundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Kirinyaga Road jijini Nairobi mwenye kipimo cha masafa, kifaa kidogo cha kuwekwa mezani, humwokoa mteja na ununuzi wa bure. Tena gari la mtumba mara nyingi hufika na ufunguo mmoja, kwa hiyo jaribio rahisi kuliko yote, la kujaribu ufunguo wa pili ili kujua kama kosa liko kwa gari au mkononi, halipo. Nadhani hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko vumbi. Kutengeneza ufunguo wa pili wakati wa kwanza ungali mzima pia ni kazi nyepesi zaidi kuliko kuanza bila hata mmoja. Na kwa kuwa vitabu vya maelekezo vya magari hayo ni vya Kijapani, wenyewe wengi hawajui kwamba baadhi ya funguo za Toyota zina hali ya kutunza betri, inayozima mguso wa kitasa mpaka kitufe kibonyezwe. Ufunguo uliowekwa katika hali hiyo hauna ugonjwa wowote.

Watengenezaji wanaendelea kuziba matundu. Tangu 2018 Jaguar Land Rover imetoa funguo zinazopima umbali kwa muda ambao wimbi linachukua kwenda na kurudi. Kwa kuwa wimbi la redio hukata sentimita 30 hivi kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, anayelirefushia njia hujulikana. Mwaka 2019 Ford ilitoa Ulaya funguo zinazolala zikikaa bila kutikiswa, ili zisijibu wito wa wezi usiku. Huo ni ulinzi mzuri, nao umeleta dalili yake mpya: ufunguo uliolazwa tuli kwenye kiti au mezani karibu na gari hauitiki mpaka uokotwe na kutikiswa.

Na ndani ya karibu kila ufunguo wa namna hii, hata ule wa gharama kubwa, umo bado ubapa wa chuma unaochomoka, na chini ya kifuniko kidogo pembeni ya kitasa cha dereva lipo tundu lake. Ufunguo wa kwanza haujaondoka. Katika magari mengi tundu hilo halijawahi kuzungushwa tangu kiwandani, limejaa vumbi na kukauka, na siku hewa yote inapogoma ndiyo siku mwenye gari anapogundua kwamba chuma nacho kimekwama. Matone machache ya kilainishi na kuuzungusha ubapa mara mbili kwa mwaka, milango ikiwa wazi, huliweka tundu hilo tayari.